Mwanamume Aliyekaa Eda

"Shauri la Ombi la Mwanamume Mmoja Kukaa Ndani ya Nyumba Yake Mwenyewe, Ilhali Si Mgonjwa, Si Mfungwa, Wala Si Mwali."

Ndivyo alivyoliandika Karani Faki, kwa wino mweusi, akapiga mstari chini yake, kisha akapiga mwingine chini ya ule wa kwanza, kwa sababu shauri lilikuwa zito na wino ulikuwa mwingi.

Paukwa!

Mbona kimya? Msiyaogope hayo maneno ya barazani. Hii ni ngano, hakuna atakayetakiwa kutia saini. Nasema tena, na mwitikie kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata mabibi zetu waliisikia kwa mabibi zao, palikuwa na kijiji. Kijiji kilikuwa na Sheha. Sheha alikuwa na karani. Karani alikuwa na buku. Na jambo lisiloandikwa katika buku lilihesabiwa kuwa halijatokea, hata kama limemvunja mtu mguu.

Katika kijiji hicho aliishi Mzee Ngwali na mkewe, Bi Mize. Mzee Ngwali ndiye aliyekuwa mkubwa wa umri kuliko wote, na ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Mpaka leo anakumbukwa. Siku moja watu wawili waligombea yai. Kuku ni wa huyu, kataga kwa yule. Baraza likakaa siku mbili, buku likajaa kurasa nne. Mzee Ngwali akaitwa.

"Yai lenyewe liko wapi?" akauliza.

Akaletewa. Akampa Bi Mize. Bi Mize akalikaanga, chwaaa!, akaligawa nusu kwa nusu.

"Kuleni," akasema Mzee Ngwali. "Mkimaliza, turudi kwenye shauri."

Wakala. Wakamaliza. Shauri halikuonekana tena. Karani Faki alinuna mwezi mzima, maana hakujua aandike nini.

Lakini kazi yake hasa Mzee Ngwali ilikuwa kuhesabu eda. Mnajua, mwanamke akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi. Hajitii manukato. Haendi arusini. Kijijini pale walizihesabu siku hizo mia na thelathini, ili zisije zikapungua, na mhesabuji alikuwa Mzee Ngwali. Kila mjane alikuwa na chungu chake. Kila jua likichwa, Mzee Ngwali alitia kunde moja chunguni. Tik! Kesho, tik! Kesho kutwa, tik! Kunde zikifika mia na thelathini, alikwenda mlangoni kwa mjane. Ko, ko, ko.

"Zimetimia," alisema. "Oga, vaa, toka. Moyo nao umerudi mahali pake."

Mjane alioga. Mjane alivaa. Mjane alitoka. Watu wakasema, "Mzee Ngwali ana dawa." Alihesabia wajane kumi na wawili, na kumi na wawili wakatoka. Naye kwa moyo safi akaamini kwamba amewaponya kumi na wawili.

Basi.

Ukafika mwezi wa Ramadhani. Siku ya ishirini na saba, alasiri, Bi Mize alikuwa akichekecha unga wa Idi. Che-che-che. Che-che-che. Kisha chekeche likanyamaza.

"Bwana," Bi Mize akaita, "kichwa kimekuwa kizito. Najilaza kidogo. Niamshe magharibi nifuturu."

"Haya," akasema Mzee Ngwali. Alikuwa kibarazani akiosha chungu cha mjane wa mwisho aliyemhesabia.

Jua likachwa. Adhana ikaadhiniwa. Mzee Ngwali akachukua tende moja na kata ya maji, akaingia ndani kumwamsha mkewe.

"Mize. Magharibi imeingia."

Kimya.

"We Mize. Tende hii hapa."

Kimya.

Aliita mara saba. Mtu mwenye akili angejua mara ya pili. Mzee Ngwali alikuwa na akili kuliko wote kijijini, na aliita mara saba.

Asubuhi yake wakamzika Bi Mize. Matanga yakakaliwa siku tatu, na siku ya tatu ikawa ndiyo mkesha wa Idi. Sasa kijiji kile kilikuwa na majamvi ya namna moja tu. Yakitandikwa kwa msiba ni ya msiba, yakitandikwa kwa sherehe ni ya sherehe. Asubuhi watu wakayakalia kusoma hitima. Alasiri wakayakung'uta, pu! pu! pu!, wakayakunja, wakayapeleka uwanjani kutandika kwa ajili ya Idi. Mzee Ngwali alisimama mlangoni akiyatazama yanavyopita, moja moja. Vijana waliyabeba vichwani, na kwa kuwa kesho ni sikukuu, walishindwa kutembea pole pole.

Na hapo ndipo Sheha Mcha alipokuja. Kwani kijijini pale Idi haikuanza ovyo. Ilianzia kwenye nyumba ya mkubwa kuliko wote. Watu wakitoka kuswali, ngoma mbele, walikwenda kwanza kwa Mzee Ngwali, wakala tambi za Bi Mize, ndipo wakaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na ya nne. Imekuwa hivyo tangu Sheha mwenyewe hajazaliwa.

"Makiwa, mzee wangu."

"Tunayo."

"Mungu akupe subira."

"Amin."

Sheha akakohoa. "Sasa, mzee wangu, kuhusu kesho. Tambi si lazima, tumelielewa hilo. Tutaleta wenyewe. Wewe kaa tu mlangoni upewe mkono, Idi ianze."

"Kesho niko ndani."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi una nini?"

"Nina eda."

Sheha akacheka kidogo, kicheko cha adabu, akidhani ni mzaha wa mfiwa. Mzee Ngwali hakucheka. Sheha akameza kicheko chake, akaenda mbio kumtafuta karani.

Baraza likakaa saa ile ile, jua halijachwa. Shauri likaandikwa jina, lile mlilolisikia. Mistari miwili chini yake. Mzee Ngwali akasimama mbele ya wazee wenzake.

Mwalimu wa msikitini ndiye aliyeanza. "Kaka yangu, sheria iko wazi. Eda ni ya mwanamke. Mwanamume hana eda."

"Najua, Mwalimu. Sisemi ni sheria, wala sitafuti thawabu. Swala sitaiacha, Ijumaa nitakuja. Nataka mlango wangu ufungwe siku mia na thelathini, basi."

"Hiyo si eda."

"Iteni mtakavyo."

Hapo Karani Faki akainua kalamu kwa wasiwasi. "Baraza haliwezi kuruhusu kitu kisicho na jina."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni, mtu wa maneno mengi, akasema, "Isitoshe, mjane huwekwa ndani ijulikane kama ana mimba. Je, Mzee Ngwali naye tumtazamie?"

Barazani pakaanguka kicheko. Hata Mwalimu alifunika mdomo. Mzee Ngwali akangoja mpaka kikaisha chote.

"Ingekuwa mimba," akasema, "ningeshukuru. Mimba ina siku yake ya kutoka."

Mwalimu akateremsha mkono kutoka mdomoni.

"Ngwali," Sheha akasema taratibu, "unataka nini hasa?"

"Nataka kupona. Wanawake kumi na wawili waliingia ndani wakiwa kama nilivyo mimi leo. Mimi ndiye niliyewahesabia, mimi ndiye niliyewatoa. Wakaoga, wakavaa, wakatoka. Hii dawa naijua, Sheha. Nipeni na mimi."

Hoja ya sheria wakaiacha hapo. Lakini ikabaki hoja ya Idi. Nyumba ya kwanza ikifungwa, ya pili itakuwa ya kwanza. Ya tatu itakuwa ya pili. Na mtu wa nyumba ya mwisho atapanda daraja bila kufanya lolote. Wakabishana juu ya hilo mpaka mwezi ukaonekana. Hatimaye Karani Faki akaandika: "Baraza halikukubali, wala halikukataa. Idi itaanzia mlangoni kwa Mzee Ngwali kama kawaida, mlango ukiwa umefungwa, kwa muda utakaoonekana unafaa."

Mzee Ngwali akaingia ndani, akafunga mlango. Akatwaa chungu kipya. Akatia kunde tatu kwa siku zilizokwisha kupita. Tik. Tik. Tik.

Asubuhi, Idi.

Ndi-ndi-ndi! Ngoma ikatoka msikitini. Ndi-ndi-ndi! Kanzu mpya, kanga mpya, watoto wananukia udi. Wakaja mpaka mlangoni kwa Mzee Ngwali. Ngoma ikanyamaza. Wakasimama. Kwa kuwa hakuna aliyejua muda unaofaa ni muda gani, Karani Faki alihesabu kimoyomoyo mpaka mia.

"Mama," kijitoto cha kike kikauliza, "leo kwa Bi Mize hatuli?"

Kikafinywa.

"Idi njema, Mzee Ngwali," Sheha akauambia mlango.

Mlango haukujibu. Wakaondoka. Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi, mpaka nyumba ya pili, na huko kicheko kikaanza.

Ndani, Mzee Ngwali alikuwa amekaa mbele ya unga aliouacha mkewe. Nusu ulikuwa umechekechwa, nusu bado. Aliutazama siku nzima. Alikuwa amekula chakula cha mkono wa mwanamke yule miaka arobaini na mmoja, na hakujua unga ule ulikuwa wa kitu gani. Wa mkate? Wa vitumbua? Alijua siku za wajane wote wa kijiji, na hakujua unga wa nyumbani kwake. Wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Aliyejua ni mmoja tu.

Tik.

Tik.

Tik.

Siku zikaenda. Aliunguza wali, akaula. Akauepua mbichi, akaula. Ijumaa alikwenda msikitini, akaswali, akarudi haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Na kila ikipita siku aliuchunguza moyo wake, kama mtu anavyokichunguza kidonda. Uchungu umepungua? Haukupungua. Akajiambia, bado mapema. Kunde ishirini. Bado. Kunde arobaini. Bado.

Kunde ya sabini na mbili ikawa Idi Kubwa.

Idi ya kwanza ilimkuta kichwa kimejaa msiba, hakusikia vizuri. Hii ya pili ilimkuta na masikio mazima. Alisikia ngoma. Alisikia mbuzi. Alisikia harufu ya nyama kutoka nyumba ya jirani. Alisikia wanawake wakisemezana njiani, na mmoja akacheka kama Bi Mize, kicheko cha kukata katikati. Mzee Ngwali akainuka. Akafika mlangoni. Mkono uko juu ya komeo. Ndipo akakumbuka.

Alikaa pale pale alipokumbuka, sakafuni, mpaka adhuhuri.

"Zimebaki hamsini na nane," akasema kwa sauti, nyumba nzima isikie. "Dawa haijaisha."

Tik. Tik. Tik.

Kunde ya mia na thelathini ikatimia siku ya tisa ya Mfungo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani.

Barazani kukazuka shida mpya. Desturi inasema mjane hutolewa ndani na mhesabu eda. Mhesabu eda ni Mzee Ngwali. Mzee Ngwali yuko ndani. Je, mtu anaweza kujibishia hodi? Wakakaa. Wakajadili. Mwisho wakamteua Bi Time, kwa kuwa ndiye mjane wa kwanza aliyehesabiwa na Mzee Ngwali, na kwa kuwa hakuna asiyempenda. Bi Time alikuwa mkarimu kuliko watu wote. Siku ya sikukuu sahani zake zilifika mpaka nyumba ya mwisho. Karani Faki akamwandikia maneno ya kusema, ukurasa mzima. Bi Time akaukunja, akaufunga katika pindo la kanga, asiufungue tena.

Ko, ko, ko.

"Hodi, kaka Ngwali."

"Karibu, Bi Time." Bi Time akaingia. "Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Basi sema."

"Zimetimia," akasema Bi Time. "Oga, vaa, toka."

Mzee Ngwali akangoja.

"Hujamaliza," akasema Mzee Ngwali. "Kuna lile la moyo."

"Hilo siwezi kulisema."

Mzee Ngwali akakimwaga chungu mkekani. Akahesabu. Mia na thelathini. Akahesabu tena, pole pole, kidole juu ya kila kunde. Mia na thelathini.

"Pengine nimekosea mahali," akasema. "Maana ndani humu hakuna kilichobadilika, Time. Ni kama jana. Ni kama ile magharibi. Pengine kwangu mimi zinatakiwa zaidi."

"Hukukosea. Hata zangu hukukosea."

"Lakini wewe ulitoka!"

"Nilitoka kwa kuwa ulisema toka."

"Nikakwambia moyo umerudi, ukanyamaza."

"Ulisimama pale nje umefurahi, kaka, kama mtu aliyechimba kisima akaona maji. Ningekwambiaje?"

Mzee Ngwali akaokota kunde moja mkekani, akaigeuzageuza vidoleni.

"Ni miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minane."

"Na bado?"

"Bado. Siku za kawaida zinasukumika. Sikukuu ndizo mbaya."

"Na wale wenzako?"

"Uliwahi kuwauliza?"

Hakuwahi. Mtu mwenye akili kuliko wote kijijini hakuwahi kuuliza.

"Siku ya Idi mnafanyaje?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayeomba kuonyeshwa njia.

"Tunapika."

"Kisha?"

"Mkono haujui kupunguza. Unapika na chake. Ukimaliza, unakiona kimebaki pale, na mwenyewe hayupo. Basi unakitia kwenye sahani, unakipeleka kwa watu. Nao wanasema, Bi Time ni mkarimu." Akacheka kidogo. "Waache waseme. Ningefanyaje, niwaambie?"

Mzee Ngwali akalia. Siku mia na thelathini alikuwa akilia kama mtu anayengoja mwisho. Safari hii alilia bila ya kungoja kitu. Bi Time hakumwambia nyamaza. Alikaa mkekani, akaziokota kunde moja moja, akazirudisha chunguni, kwa kuwa ni chakula na si vizuri kutupa.

"Sasa nitoke ya nini?" Mzee Ngwali akauliza mwishowe.

"Ukikaa ndani, harudi. Ukitoka, harudi. Ila nje kuna watu wa kugombana nao."

Mzee Ngwali akaoga. Akavaa. Akatoka.

Watu wakashangilia. Karani Faki akafungua buku, akaandika: "Mwombaji ametoka akiwa mzima. Amepona. Shauri limefungwa." Akapiga mistari miwili.

Siku ya pili yake Mzee Ngwali alianza kuzunguka nyumba za wajane wake. Kumi na wawili, tisa wakiwa hai. Ko, ko, ko.

"Nilikwambia moyo umerudi," alisema kwa kila mmoja. "Nilikuwa sijui. Nisamehe."

Wawili walilia. Mmoja alicheka mpaka akashika mlango, akasema, "Ndiyo kwanza unafika, mzee!" Mmoja alimfungia mlango usoni. Waliobaki walimkaribisha ndani, wakampa chai, wakakaa naye bila ya kusema kitu, na akaona kwamba kila nyumba ilikuwa na kiti kimoja kisichokaliwa na mtu, na kwamba miaka yote aliyokuwa akija kutoa watu hakuwahi kukiona.

Akaishi miaka sita tena. Idi sita ndogo, Idi sita kubwa. Kila Idi alifungua mlango, ngoma ikaanzia kwake, akawapa watu tambi alizopika mwenyewe. Mwaka huu zimevurugika, mwaka ujao zimeungua. Sheha alikula akasema, "Tamu, mzee wangu," naye akamjibu, "Usiseme uongo siku ya sikukuu." Watu wakacheka. Wakaondoka. Ndi-ndi-ndi. Naye akabaki na sahani chafu, akakaa katikati yake mpaka jioni, na hakuna mwaka uliokuwa mwepesi kuliko uliotangulia.

Najua mnataka funzo. Ngano bila funzo, wakubwa hunung'unika. Basi chukueni hili: eda ina mwisho wake, lakini usimwambie mfiwa kwamba msiba wake umekwisha kwa sababu wewe umechoka kungoja. Na sikukuu ikija, ukifika kwake, usiende na maneno. Kaa. Ukipewa tambi mbovu, kula.

Hapo nilipofikia ndipo ngano yangu ilipofikia, sina nyingine mfukoni.

Buku linasema mwombaji alipona. Kilichotokea ni kwamba Bi Mize alikufa siku tatu kabla ya Idi, na mumewe hakuacha kumlilia mpaka naye alipokufa.